Kiraka Kisicho na Mke Mwenza

Ofisini kila mtu alijua kwamba Bi Kona anaogopa ndege, na kila rubani, hata wale waliomcheka, alipenda kuruka kwenye njia zake. Mwoga hapangi njia kama watu wengine. Jasiri akitazama ramani anaona pa kwenda. Bi Kona aliona pa kuangukia. Kazi yake ilikuwa kupanga njia za ndege ndogo za injini moja, na ndege ya injini moja, injini ikifa, haina ya kuazima kwa jirani. Inaelea kidogo, inashuka, na inapofika chini inapokelewa na chochote kilichopo. Ndiyo maana njia zake zilikwenda kwa kurukia, kutoka mahali pa wazi hadi mahali pengine pa wazi: shamba lililovunwa, kipande cha barabara iliyonyooka, changarawe za ukingo wa mto. Sehemu hizo ofisini waliziita viraka. Njia ilipinda kulia kufuata kiraka, ikapinda kushoto kufuata kingine, ikawa na kona hata pale juu ambako hakuna aliyewahi kuona kona. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kitambulisho tu.

"Kwa mwoga huenda kicheko," aliwajibu walipomtania, akaachia hapo. Nusu ya pili ya methali hiyo hakuna rubani anayependa kuisikia.

Mkurugenzi wao alikuwa mtu mwenye haraka hata ya kumeza maji. Siku moja aliingia, akaweka rula juu ya ramani, akapiga mstari kutoka mjini hadi hospitali iliyo ng'ambo ya msitu.

"Hii," akasema. "Moja kwa moja."

"Hapo chini ni miti mitupu, bosi."

"Sisi tunapita juu."

"Tunapita juu mpaka siku tutakayopita chini."

Wenzake walicheka, lakini mkurugenzi hakucheka, na haki ilikuwa yake kidogo. Njia ya zamani ilizunguka msitu wote kwa kufuata barabara kuu, na waliozungushwa walikuwa wagonjwa. Bi Kona aliwahi kumwona mama mmoja akishushwa kwenye ndege ya njia hiyo amejikunja, midomo imekauka, muuguzi akimsemesha asilale. Alipomkumbuka, neno "moja kwa moja" likamkaa moyoni kama mwiba. Akakubali kutafuta.

Pembeni mwa msitu viraka vilipatikana bila shida. Tatizo lilikuwa katikati. Katikati palikuwa na kijiji kimoja, kijiji kilikuwa na shule moja, na shule ilikuwa na kiwanja cha mpira. Bila kiwanja kile, njia nzima ilikuwa imekufa.

Sheria ya ofisi ilikuwa kwamba kiraka kisichokanyagwa hakichorwi. Picha za kutoka juu hazitoshi. Picha haioni shimo la panya wala kisiki kilichofunikwa na nyasi. Bi Kona akapanda lori la mbao, akashuka mahali lilipoishia, akatembea. Kiwanja alikikanyaga chote, mwanzo hadi mwisho, huku akigonga ardhi kwa fimbo na kuinamia kila kichuguu. Kilikuwa kigumu, sawa, kirefu vya kutosha. Mwalimu mkuu, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, alimfuata nyuma akiwa ameshika mikono mgongoni.

Sheria nyingine ilisema kila kiraka kiwe na mwenzake wa akiba, pa kukimbilia pale pa kwanza pakikataa. Marubani, kwa midomo yao, walimwita huyo mke mwenza. Bi Kona akatafuta mke mwenza wa kiwanja. Nyuma ya shule palikuwa na shamba la viazi, refu, la kutosha kwa kubana. Alikuwa akilipima kwa hatua, macho yakiwa kwenye miti ya mbele, ghafla ardhi ikamkimbia. Akatumbukia kwenye mtaro mpaka kiunoni, matope hadi kwenye pochi. Mtaro ulikata shamba upande hadi upande, umefichwa na majani ya viazi. Akautembea kwa ndani akitafuta pa kutokea, na hakupata mpaka alipofika mwisho wa kulia, ambako wenye mikokoteni walikuwa wamefukia mawe ili ng'ombe wavuke. Hapo ndipo alipopanda, mwalimu akimvuta mkono na kujitahidi asicheke.

Shamba akalikataa. Ndege ikiingia kwenye mtaro ule, walio ndani hawatoki wazima. Kwa hiyo kiwanja cha shule kikachorwa peke yake, kiraka kisicho na mke mwenza, na jambo hilo lilimnyima usingizi.

Kwa sababu lilimnyima usingizi, alizidisha tahadhari. Kabla ya kuondoka alimpa mwalimu maagizo yote. Duara la katikati lipakwe chokaa lionekane kutoka juu, maana hapo ndipo magurudumu yatakapogusa kama siku mbaya ikifika. Miti ya magoli ing'olewe. Na Alhamisi ya wiki ya majaribio, ndege itakuja itashuka chini sana halafu itapanda tena; siku hiyo kiwanjani kusiwe na mbuzi, kusiwe na ng'ombe, kusiwe na mnyama hata mmoja.

"Na waambie watu wasiogope, mwalimu," aliongeza. "Itakuwa chini mno, lakini ni majaribio tu. Wasiogope."

"Nimekuelewa, mama," alisema mwalimu mkuu. "Hawataogopa."

*

Sasa palibaki sheria ya tatu, ile aliyoichukia: aliyechora njia ndiye huipita wa kwanza. Mpangaji hukaa kando ya rubani, na juu ya kila kiraka rubani hurudisha mkono wa mafuta nyuma mpaka injini izembee kama imekufa. Ndege huelea hadi karibu na ardhi, wakiona kiraka kinafikika, injini huamshwa, wanapanda na kwenda kinachofuata. Marubani waliona ni mchezo mzuri. Bi Kona alikuwa akianza kuharisha siku moja kabla.

Rubani wa siku hiyo alikuwa shemeji yake, mume wa mdogo wake. Mdogo mtu mwenyewe alikuja kuwasindikiza, tumbo mbele, siku zake za kujifungua zimekaribia, mkono mmoja kiunoni.

"Dada, umekuwa rangi ya majivu," alisema.

"Niache."

"Mimi nakuachia huyu asubuhi, unanirudishia jioni. Mzima. Ukimpoteza, wewe ndiye utakayeamka kubembeleza mtoto."

"Shemeji hawezi kubembeleza mtoto," rubani alidakia akizunguka ndege na kugonga matairi kwa kiatu. "Atakataa kumbeba mpaka apate pa kumwangushia."

Walicheka wote watatu. Lakini mdogo wake alipomkumbatia alimshika kwa nguvu kuliko kawaida, akamwambia sikioni, bila utani, "Kweli, dada. Mrudishe."

Kiraka cha kwanza, uwanda wa wachoma mkaa wa zamani, kilikwenda vizuri. Kiraka cha pili, changarawe za mto, kilikwenda vizuri pia, ingawa injini ilipozembea na ule ukimya wenye upepo ukaingia, Bi Kona alishika kiti mpaka kucha zikauma. Alikuwa na desturi ya kutotazama mbele. Alitazama chini, kupitia kioo cha ubavuni, akihesabu pa kuangukia kama wengine wanavyohesabu tasbihi. Baada ya mto hapakuwa na cha kuhesabu. Miti ilishikana, vilele kwa vilele, kijani kizito kisicho na tundu. Mawingu mepesi yenye unyevu yalipita ubavuni na kuacha matone kwenye kioo.

"Umenyamaza, shemeji," rubani alisema kwenye hedifoni.

"Naomba Mungu."

"Mwambie na mimi nipo."

Kisha kijiji kikatokea mbali, mabati yakimeta, na kando yake kile kipande cha ardhi ya wazi. Bi Kona alishusha pumzi. Rubani akavuta mkono wa mafuta nyuma. Injini ikazembea, pua ikainama kidogo, wakaanza kuelea.

"Duara liko wapi?" aliuliza Bi Kona.

"Duara gani?"

"La chokaa. Nilimwambia apake chokaa." Alisogeza uso hadi pua ikagusa kioo. Magoli yalikuwa yameng'olewa kweli, hakuna mbuzi, hakuna ng'ombe. Lakini katikati, palipotakiwa kuwa na duara jeupe, palikuwa na doa jeusi, kubwa, kama ardhi iliyoungua. Akadhani wamechoma takataka. Akadhani ni kivuli cha wingu, akatazama juu kutafuta wingu lenyewe. Alipotazama chini tena, doa lilitikisika.

Akamgeukia rubani.

"Watu," alisema. "Shemeji, ni watu! Pandisha!"

Rubani aliusukuma mkono wa mafuta mbele. Injini ikakohoa. Akaurudisha, akausukuma taratibu. Ikakohoa tena, ikatetemeka, ikashika pumzi kama inataka kusema neno, halafu ikanyamaza kabisa. Pangaboi likazunguka polepole mbele yao, likasimama wima kwenye kioo.

Mafundi walikuja kusema baadaye kwamba ilikuwa barafu. Injini ikizembea muda mrefu kwenye hewa ya unyevu, barafu huweza kuigandia kooni, hata kwenye nchi ambayo watu wanatembea na jasho. Lakini hayo ni maneno ya baadaye. Wakati ule palikuwa na upepo tu unaopiga mluzi milangoni, na mikono ya shemeji yake inayokwenda haraka, swichi hii, swichi ile, pampu, ufunguo, huku akiita kwenye redio kwa sauti ambayo Bi Kona hakuwahi kuisikia kwake, sauti isiyo na utani ndani yake. Hakuna aliyejibu, vilima vilikuwa vimekwisha kuwaficha.

"Haiwaki," alisema. "Tunashuka kweli. Watatawanyika. Wakituona tunakuja watatawanyika."

Bi Kona alitazama. Sasa waliweza kuonekana mmoja mmoja: sare za shule, kanga, mwavuli mwekundu. Kijiji kizima kilikuwa kwenye kiwanja. Walikuwa wamegeuza nyuso juu. Ndege ilizidi kushuka, kimya, ikiwaelekea wao kabisa, na hakuna hata mmoja aliyeinua mguu. Walikuwa wakipunga mikono.

Hapo akaelewa, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kubaya kuliko ule ukimya wa injini. Alikuwa amewaambia waje, bila kujua kwamba anawaita. Umwambie mtu wa msituni kwamba Alhamisi ndege itashuka mpaka juu ya kiwanja chake, halafu utegemee akalime? Na hawatakimbia. Hawatakimbia mpaka tairi liwafike kifuani, maana yeye mwenyewe, mwoga kuliko waoga wote, alikuwa amewatumia ujumbe kwamba wasiogope.

"Hawatatawanyika," alisema. "Shemeji, hawatatawanyika. Nimewaambia wasiogope."

"Kuna kipi kingine? Sema! Kingine kiko wapi?"

Kingine hakikuwepo. Kiraka hiki hakikuwa na mke mwenza. Aliona uso wa mdogo wake, mkono kiunoni. Kumbe mtu anaweza kuogopa pande mbili kwa wakati mmoja, mbele watoto wa watu, kando yake baba wa mtoto ambaye hajazaliwa, na yeye katikati amebanwa.

"Shamba la viazi," alisema. "Nyuma ya shule. Kushoto, pinda kushoto sasa!"

Rubani alilaza bawa. Paa la shule lilipita chini yao, karibu kiasi cha kuhesabu misumari.

"Lina mtaro," Bi Kona alisema.

"Mtaro wapi?"

"Mbele, kabla ya miti. Huuoni, majani yameufunika. Bana kulia. Kulia kabisa, wamefukia mawe, ng'ombe wanavukia hapo."

"Upana gani?"

"Wa mkokoteni!"

"Shemeji, mimi nina mabawa!"

"Magurudumu tu! Magurudumu yapite, mabawa yaende yanakotaka!"

Alipiga kelele hizo akiwa amefumbua macho, jambo ambalo lilimshangaza kwa miaka mingi. Viazi viliwajia kwa kasi, kijani, kijani, kijani. Magurudumu yakagusa, yakaruka, yakagusa tena, na dunia yote ikaanza kugongana. Meno yake yalimuuma ulimi. "Kulia!" alikuwa akipiga kelele, "Kulia! Bado! Kulia!" na kwa mbele akaona kipande cha udongo mwekundu uliokanyagwa na kwato, mahali pale pale alipovutwa mkono akiwa na matope kiunoni. Gurudumu la kulia likapita juu ya mawe. La mbele likapita. La kushoto halikupita.

Ndege ikazunguka kama mtu aliyeshikwa mkono ghafla. Bawa likachimba ardhi, kitu kikapasuka kwa mlio mrefu wa bati, pua ikainama ndani ya udongo. Kisha hakukuwa na kitu ila vumbi, na harufu ya mafuta na majani yaliyosagwa.

"Toka," sauti ya shemeji yake ilisema. "Toka, toka, toka."

Walitokea mlango mmoja, wakitambaa. Walikwenda mbali kiasi miguu ilivyowakubalia, wakaanguka kwenye matuta. Rubani alikuwa na mkato juu ya jicho, damu imemjaa shavu, na mkono wake wa kushoto aliushika kwa ule wa kulia. Lakini alikuwa akipumua. Bi Kona alimgusa kichwa, mabega, magoti, kama mtu anayekagua mzigo aliokabidhiwa na mwenyewe. Akamgusa tena kichwa.

"Nipo, shemeji," rubani alisema. "Wacha kunihesabu."

Ndipo waliposikia kelele. Kijiji kizima kilikuwa kinazunguka shule kwa mbio, watoto mbele, kanga zikipepea. Walikuwa wakipiga makofi. Walikuwa wakishangilia. Waliokaribia kwanza waliona bawa lililovunjika na damu usoni mwa rubani, makofi yao yakapungua, yakafa moja moja. Lakini wa nyuma, wasioona, waliendelea kushangilia kwa muda.

Mwalimu mkuu alifika akihema, miwani mkononi.

"Mama," alisema. "Mama, mbona huku? Kiwanja tumekiandaa. Magoli tumeng'oa. Mbuzi wote tumefunga tangu asubuhi, hakuna mnyama hata mmoja. Tumesimama wenyewe kulinda asipite."

Bi Kona alitaka kumkasirikia. Alitafuta agizo moja ambalo mtu huyu hakulifuata, akalikosa. Kila alichomwambia alikuwa amekifanya.

Mwanamke mmoja alikuwa tayari amepiga magoti, anamfunga rubani jicho kwa kipande cha kanga. Mwingine alileta maji. Bi Kona alikunywa, kikombe kikigonga meno yake. Juu hewani alikuwa na kazi; hofu ilikuwa imemsubiri chini, kwenye viazi.

Katoto ka kike, sare imemzidi mwili, kalikuwa kamesimama karibu naye kuliko wengine wote, kanamkodolea macho. Viatu vyake vilikuwa vyeupe. Halafu Bi Kona akaona si viatu. Alikuwa miguu mitupu. Ilikuwa chokaa, imempanda mpaka kwenye vifundo.

"Ulikuwa umesimama wapi, mwanangu?" aliuliza.

"Mbele," mtoto alisema kwa fahari. "Kwenye duara. Mwalimu alisema darasa la kwanza tukae kwenye duara, tuone vizuri."

Bi Kona aliweka kikombe chini. Pembeni ya jengo la shule aliweza kukiona kiwanja, sasa hakina mtu hata mmoja, kimenyooka, kimesafishwa, na duara la katikati likionekana jeupe, limechafuliwa na nyayo ndogo ndogo. Alijua pale magurudumu yangegusa. Alipachagua mwenyewe.

"Ndege ilipokuja," alisema polepole, "hukuogopa?"

Mtoto alitikisa kichwa. "Nilitaka kukimbia. Mwalimu akasema ulisema tusiogope."

Bi Kona alimvuta, akamkalisha mapajani kwenye udongo wa viazi, chokaa ikampaka sketi. Alimshika kwa mikono miwili, mtoto akamwacha amshike, ingawa hakuelewa kwa nini mama huyu mgeni analia.

"Nisikilize," Bi Kona alimwambia. "Siku nyingine, mtu yeyote akikuambia usiogope, hata kama ni mimi, wewe ogopa. Ogopa, mwanangu, na ukimbie."